Kumfundisha mwanafunzi wa sekondari wa Kijapani kusoma Kiingereza: hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimemwandikia Mswahili aliyepata mwanafunzi wa Kijapani. Huenda unafundisha kwa intaneti ukiwa Arusha au Mombasa. Huenda uko Japani kimasomo na jirani amekuomba umsaidie binti yake anayesoma koko, yaani sekondari ya juu ya miaka mitatu, kuanzia umri wa miaka 15 hadi 18. Umeambiwa mtoto ana shida ya ufahamu, nawe umejiandaa kumfanyia kama ulivyofanyiwa shuleni: soma kifungu, jibu maswali, tusahihishe. Kisha unakuta mtoto anajua sarufi pengine kukuzidi. Anakuonyesha kiima, kitenzi na shamirisho bila kusita, maana shule za Japani hufundisha sentensi za Kiingereza kwa miundo mitano na wanafunzi huikariri tangu mapema. Kijitabu chake cha msamiati kimechakaa kwa kufunguliwa. Lakini mpe ukurasa mmoja na dakika tano, anafika nusu, na ukimuuliza habari ilihusu nini anabaki kukutazama.

Mtoto huyo amefundishwa kufasiri. Kusoma hajafundishwa. Kazi yako karibu yote ni kumvusha kutoka huko hadi huku, bila kumvunjia yale mazuri aliyokwisha kujengewa na walimu wake.

Hatua ya 1: Jua anaelekea mtihani gani

Hili ndilo swali la kwanza kwa mzazi na kwa mwanafunzi, kwa sababu Japani "mtihani wa Kiingereza" ni mitihani minne tofauti na kila mmoja unadai msomaji wa aina yake.

Mkubwa ni Mtihani wa Pamoja wa kuingia vyuo vikuu, ambao wenyewe huuita Kyotsu Tesuto. Ulianza Januari 2021, ukachukua nafasi ya ule wa zamani uliokuwapo tangu 1990. Karatasi ya kusoma Kiingereza ni dakika 80 na alama 100, na ya kusikiliza ina alama 100 nyingine. Karatasi ya zamani ilikuwa pia na maswali ya kujitegemea ya matamshi na sarufi. Ya sasa ni kusoma mwanzo hadi mwisho. Kuna matangazo, barua pepe, kurasa za tovuti, hadithi, makala zenye grafu, na tangu 2025 kuna swali la kuboresha insha ya mwanafunzi kwa kufuata maoni ya mwalimu wake. Ukijumlisha vifungu, maswali na machaguo, ni zaidi ya maneno 5,000. Majibu ni ya kuchagua na kusiliba.

Baada ya hapo, mwishoni mwa Februari, vyuo vikuu vya serikali hutoa mtihani wa awamu ya pili, kila chuo na wake. Chuo Kikuu cha Kyoto kinajulikana kwa kumtaka mtahiniwa afasiri vipande virefu na vigumu vya Kiingereza kwa Kijapani. Chuo Kikuu cha Tokyo humtaka afupishe makala ya Kiingereza kwa herufi 70 hadi 80 za Kijapani. Mwanafunzi anayelenga vyuo hivi bado anahitaji ule ufasiri wa kina, na ukimwambia auache utakuwa umemharibia.

Wa tatu ni Eiken, mtihani wa ngazi za Kiingereza uliopo tangu 1963. Ngazi zinaanzia ya 5 kupanda hadi ya 1, na wengi wa sekondari ya juu hulenga ya 2 au ile ya chini yake kidogo. Tangu 2024, ngazi ya 2 kwenda juu inamtaka mwanafunzi aandike pia muhtasari wa kifungu kwa Kiingereza, kwa hiyo kusoma na kuandika haviachani tena.

Wa nne ni mitihani ya shule yenyewe, ya katikati na ya mwisho wa muhula. Hii hutungwa zaidi kutoka vifungu vya kitabu cha kiada vilivyokwisha kusomwa darasani. Ikiwa imebaki wiki moja, weka mpango wako kando na mpitishe kwenye vifungu hivyo mpaka avijue vizuri. Alama za shule huingia kwenye rekodi yake, na kwa baadhi ya njia za kujiunga na chuo rekodi hiyo ina uzito.

Hatua ya 2: Mpime kabla ya kumfundisha

Tafuta kifungu cha maneno kama 300 ambacho hajawahi kukiona, kiwe rahisi kidogo kuliko kitabu chake cha shule. Weka saa. Asome mara moja, bila kamusi, bila kalamu. Akimaliza, kifunge, na umwombe akueleze kilichosemwa. Aeleze kwa lugha anayotaka, hata Kijapani. Programu ya kutafsiri ya simu itakupa picha ya kutosha. Unachopima hapa ni alichokishika kichwani, Kiingereza cha kuongea kitasubiri.

Gawa maneno kwa dakika alizotumia. Halafu mwekee hesabu mezani, maana vijana hawa wanaheshimu namba. Karatasi ya maneno 5,500 kwa dakika 80 ni karibu maneno 69 kwa dakika, na hapo hajasimama kufikiria hata swali moja. Akisoma maneno 110 kwa dakika, atamaliza kusoma kwa dakika 50, abakiwe na 30 za kujibu na kukagua. Huko ndiko mnakoelekea.

Katika hatua hii utakutana na ukimya. Usimuulize "umeelewa?" Atajibu "hai", yaani "ndiyo", na hai hiyo mara nyingi maana yake ni "nakusikia, mwalimu". Kusema hajui mbele ya sensei, yaani mwalimu, na ndivyo atakavyokuita, ni jambo zito kwake. Mpe kitu cha kufanya badala ya kitu cha kukiri: "nionyeshe kwa kidole sentensi iliyokuchelewesha", "chagua maneno mawili unayotaka tuyaangalie". Akinyamaza, hesabu taratibu hadi kumi kabla ya kuongea. Sisi tuliozoea darasa la kuitikia kwa sauti tunaona ukimya kama pengo la kuzibwa haraka, na tunamkatiza mtoto aliyekuwa anapanga jibu zuri. Mwite kwa jina la ukoo pamoja na "-san" mpaka familia ikuambie vingine.

Hatua ya 3: Mfundishe kusoma kwenda mbele

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi kuliko pengine pote.

Kijapani huweka kitenzi mwisho wa sentensi, na maelezo yote ya jina hutangulia jina. Kwa hiyo mwanafunzi akikutana na sentensi ya Kiingereza, huenda hadi mwisho, hurudi nyuma kuokota vipande, huvipanga kwa utaratibu wa Kijapani, ndipo aseme ameelewa. Wenyewe huuita usomaji huu kaeriyomi, kusoma kwa kurudi. Una mizizi mirefu: kwa zaidi ya miaka elfu moja wasomi wa Japani walisoma maandishi ya Kichina kwa kuyawekea alama za kumwonyesha msomaji wapi arudi, na watoto bado wanafundishwa alama hizo katika vipindi vya fasihi ya kale. Usiuchukulie kama uzembe. Ni ustadi unaotumika mahali usipofaa.

Chukua sentensi hii:

The students who joined the cleaning project found that the river they had ignored for years was full of life.

Kiswahili kinaifuata karibu neno kwa neno: wanafunzi waliojiunga na mradi wa usafi waligundua kwamba mto walioupuuza kwa miaka mingi ulikuwa umejaa viumbe hai. Kirejeshi chetu kinakuja baada ya jina, kama cha Kiingereza, ndiyo maana sisi hatukumbuki kuteseka na "who" na "which". Sasa ione kwa mpangilio wa Kijapani: usafi wa mradi katika waliojiunga wanafunzi, miaka mingi walioupuuza mto, viumbe hai umejaa kwamba, waligundua. Mwanafunzi wako anafanya ukarabati huo kichwani kwa kila sentensi, mamia ya mara ndani ya dakika 80. Ukishaliona hilo hutamlaumu tena kwa kuchelewa.

Dawa inayofanya kazi ni kukata sentensi kwa mistari ya mshazari. Shule nyingi zinaijua mbinu hii kwa jina la surasshu riidingu, ila mara nyingi huishia kwenye karatasi ya mazoezi na haiingii kwenye macho. Ipeleke hivi.

Kwanza kata wewe: The students / who joined the cleaning project / found / that the river / they had ignored for years / was full of life. Baada ya kila kipande aseme maana kwa Kijapani, kisha swali linalobaki wazi. "Wanafunzi." Wanafunzi gani? "Waliojiunga na mradi wa usafi." Wakafanya nini? "Waligundua." Waligundua nini? Swali hilo dogo linamsukuma mbele. Kijapani chake kitakuwa cha vipande vipande na atakionea aibu. Mwambie hicho ndicho unachokitaka.

Baada ya vipindi kadhaa, akate mwenyewe. Mpe kanuni chache tu: kata kabla ya kihusishi, kabla ya kirejeshi, kabla ya "that", na baada ya kiima kirefu. Akikata mahali tofauti na wewe lakini maana ikasimama, mwache.

Kisha mfichie nyuma. Ukifundisha kwa kushirikisha skrini, weka kifungu kwenye faili na ufunue kipande kimoja kimoja, kilichopita ukikifuta. Hapo hana pa kurudi. Wiki za mwanzo atalalamika kwa adabu kwamba anapoteza maana. Punguza ugumu wa kifungu, usipunguze sharti.

Mwisho kabisa aondoe mistari na asome kwa sauti, akipumua pale tu ambapo mistari ingekuwapo. Kusoma kwa sauti, ondoku, ni jambo analolijua tangu shule ya msingi na hulifanya kwa bidii, ila mara nyingi huwa ni sauti bila maana. Kila akimaliza aya, mwulize swali moja la maana. Na usihangaike sana na irabu anazozichomeka katikati ya konsonanti. Nasi tulimfanya "school" kuwa skuli na "shirt" kuwa shati. Rekebisha pale tu anapochanganya neno na neno jingine.

Hatua ya 4: Nani, nini, kwa nini

Kijapani huacha kiima kikieleweka chenyewe. Mtu anaweza kuongea dakika nzima bila kutaja "mimi" wala "yeye", na kitenzi hakibebi alama yoyote ya mtendaji, tofauti na chetu ambacho kila mara kinasema ni a-, wa-, ki- au zi-. Matokeo yake, mwanafunzi anapitia "it", "this", "they" na "those" kama vumbi, ilhali maswali mengi ya mtihani yamejificha humo humo.

Zoezi ni la kalamu. Azungushie kila kiwakilishi katika aya, achore mshale hadi kwenye jina au wazo linalowakilishwa. Pale "this" inapobeba sentensi nzima iliyotangulia, aandike pembeni kwa maneno matano ni jambo gani hilo. Aya moja kwa kipindi inatosha. Zaidi ya hapo mtachoka nyote wawili.

Viunganishi vivyo hivyo. Ana desturi ya kukariri tafsiri moja kwa neno moja, hivyo "while" kwake ni "wakati" hata pale inapomaanisha "ilhali", na "since" ni "tangu" hata pale inapomaanisha "kwa kuwa". Awe na ukurasa mmoja wa maneno haya ya kugeuza hoja, kila moja na sentensi aliyoitoa kwenye kifungu alichosoma mwenyewe.

Ongeza hapo maneno ya katakana, yaani ya kigeni yaliyoingia Kijapani yakabadilika maana. Kureemu kwa Kijapani ni lalamiko la mteja. "Claim" kwenye makala ya hoja ni dai. Manshon ni fleti ya kawaida tu, sumaato ni mwembamba wa umbo, kanningu ni kuibia mtihani. Neno analolijua vibaya humpotosha kuliko asilolijua kabisa, kwa sababu hatalitafuta. Na wewe pia jichunge: Kiingereza cha vitabu vyao kimeegemea Marekani. "First floor" kwao ni ghorofa ya chini kabisa, hapo ulipoingilia, kwetu ni baada ya kupanda ngazi. Kwenye swali la ramani ya jengo, tofauti hiyo ni alama.

Hatua ya 5: Kila jibu liwe na ushahidi

Jifunze sentensi moja ya Kijapani: "Konkyo wa doko desu ka?" Ushahidi uko wapi? Iulize kwa kila jibu, la kweli na la makosa, kwa sauti ile ile. Ukiiuliza pale tu alipokosea, atajua kwamba swali lako lenyewe ni alama ya mkasi na atabadilisha jibu kabla ya kufikiri.

Aweke kidole kwenye mstari. Kama hana mstari, hana jibu, hata kama amesiliba herufi sahihi.

Halafu mwingize kwenye jikoni ya watunzi. Mara nyingi jibu sahihi huwa limeandikwa upya kwa maneno mengine, wakati vipotoshi hubeba maneno yale yale ya kifungu yakiwa yamepindishwa kidogo: "some" imegeuka "all", chanzo kimekuwa tokeo, mwaka ni sawa lakini mji siyo. Mpe kifungu kifupi na umwambie atunge swali moja lenye machaguo manne, matatu ya kupotosha. Sijaona zoezi linalofungua macho haraka kuliko hili, na vijana wakimya hulipenda kwa sababu linawapa nafasi ya ujanja.

Swali la kutofautisha ukweli na maoni limewahi kuulizwa katika Mtihani wa Pamoja, na ni rahisi kulikosa. Mwanafunzi huchagua sentensi anayokubaliana nayo. Mfundishe kuuliza: je, naweza kwenda kulikagua? "Bustani ilifunguliwa mwaka 2015" linakaguliwa. "Ni bustani bora kwa familia" halikaguliki, hata kama kila mtu anaafiki.

Je, asome maswali kwanza? Kwa matangazo, ratiba na tovuti, ndiyo, kwani hapo anatafuta kitu. Kwa hadithi na makala ya hoja, asome shina la swali tu na aachane na machaguo. Machaguo matatu kati ya manne ni uongo, na ukiyasoma mapema yanaingia kichwani kabla ya kifungu chenyewe.

Akikosa, aandike sababu kwenye daftari la makosa: neno, muundo, kiwakilishi, haraka, au kupotoshwa. Baada ya muda daftari litakuonyesha ufundishe nini, na mara nyingi siyo kile ulichodhani.

Hatua ya 6: Kasi huja kwa vitu rahisi

Wazazi na wanafunzi wenyewe hutaka vifungu vigumu. Ugumu unaonekana ndio bidii. Shikilia msimamo. Kasi hujengwa na usomaji mwingi wa vitabu vyepesi, ambao Japani huitwa tadoku. Masharti yake ni mepesi: usitumie kamusi, ruka usichoelewa, kikikuchosha kitupe uchukue kingine. Dakika kumi kila siku kwenye treni ya kwenda shule zinatosha kuanza.

Kwa habari, mpe taarifa za Kiingereza za NHK World-Japan kuhusu jambo alilokwisha kulisikia kwa Kijapani nyumbani. Shirika hilo lina idhaa ya Kiswahili pia, kwa hiyo nawe unaweza kujipatia usuli wa mambo ya Japani kwa lugha yako kabla ya kipindi.

Mitihani iliyopita ya Kyotsu Tesuto hutolewa bure kwenye tovuti ya kituo cha taifa kinachoitunga. Usiichome yote mapema. Tumia sehemu moja moja mwaka wa pili, na karatasi nzima kwa kupimiwa muda kuanzia vuli ya mwaka wa tatu.

Kuhusu programu za kutafsiri, atazitumia, utake usitake. Mwekee utaratibu: asome mwenyewe, aandike sentensi tatu za muhtasari, ndipo afungue tafsiri ya mashine na kutafuta mahali ilipotofautiana naye. Wakati mwingine mashine ndiyo itakayokuwa imekosea, na siku hiyo utaona anatabasamu.

Kupanga kipindi

Japani iko saa sita mbele ya Afrika Mashariki mwaka mzima, saa saba mbele ya Goma na Bukavu, saa tano mbele ya Muscat. Vijana wengi hutoka kwenye vilabu vya shule jioni, na baadhi hupitia juku, madarasa ya tuisheni. Saa mbili usiku kwao ni saa nane mchana Nairobi na Dar es Salaam. Fika kabla ya wakati. Dakika mbili za kuchelewa zinaonekana.

Kipindi cha saa moja nakigawa hivi: dakika kumi za kusoma kitu chepesi kwa kupimiwa muda, ishirini na tano za kukata na kusoma mbele kifungu kimoja, kumi na tano za maswali kwa ushahidi, na zinazobaki za kusoma kwa sauti na kuandika daftari la makosa. Usimfanyie kazi ya shule. Akiwa na zoezi la kufasiri kifungu chote kwenye daftari la maandalizi, na walimu wengi hulidai, alifanye mwenyewe; wewe mwulize tu pale palipomkwama. Ukiwa Japani kwa visa ya mwanafunzi, kumbuka kwamba kazi ya malipo inahitaji kibali, na kibali cha kawaida kina kikomo cha saa 28 kwa wiki.

Wiki za mwisho

Kyotsu Tesuto hufanyika Jumamosi na Jumapili moja katikati ya Januari. Kiingereza ni siku ya kwanza, alasiri, baada ya masomo ya jamii na Kijapani, mtahiniwa akiwa amekwisha kuchoka. Kwa hiyo majaribio ya Desemba yafanyike akiwa ametoka kwenye kazi nyingine nzito, siyo asubuhi akiwa mbichi. Azoee kuruka swali linalomla zaidi ya dakika mbili, na kuruka nafasi hiyo pia kwenye karatasi ya kusiliba, la sivyo majibu yote yanayofuata yatasogea.

Na azoee kuzungushia kila jibu kwenye kijitabu cha maswali pia. Kijitabu hicho anarudi nacho nyumbani, majibu sahihi hutangazwa, na kila mmoja hujisahihisha mwenyewe kwa sababu anatakiwa kuamua chuo cha kuomba awamu ya pili kabla hajapokea alama zake rasmi.